Mnara wa Wasso na sheria zisizopita bungeni

Ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya herufi 160. Kijana wa Wasso akimwandikia mama yake aliyeko Arash kwa Kiswahili, hata akiweka nukta, mkato na kile kialama cha juu kwenye ng'ombe, nafasi zote 160 ni zake. Akitaka kuandika Kimaasai kama wanaisimu wanavyokiandika, kwa herufi zinazotenganisha irabu zake tisa, mambo yanabadilika. Kwenye kitochi herufi hizo hazipo kabisa. Kwenye simu janja zinapatikana kwa kupakua kibodi maalumu, lakini akiweka ɛ moja tu, au ɔ, au ɨ yenye kistari katikati, ujumbe mzima unashuka hadi nafasi 70. Habari iliyokuwa ujumbe mmoja inakatwa vipande viwili au vitatu, na kila kipande kinahesabiwa kama ujumbe kamili.

Sababu yake ni hesabu. Ujumbe mfupi hubebwa ndani ya baiti 140, yaani biti 1,120. Kila herufi ikipewa biti 7, zinaenea herufi 160. Biti 7 hazitoshi kubeba maandishi yote ya dunia, kwa hiyo wabunifu waliandaa orodha fupi ya herufi zinazoruhusiwa, na yeyote atakayetoka nje ya orodha hiyo analazimika kutumia biti 16 kwa kila herufi, hata zile za kawaida alizozichanganya humo. Ndipo zinapotoka nafasi 70. Katika orodha ile imo å ya Kiswidi, ø ya Kidenmaki, ß ya Kijerumani, hata Ω na Ψ za Kigiriki. Herufi iliyowekwa kwa ajili ya lugha ya Afrika haimo. Kipimo cha 160 chenyewe kilitoka kwa Mjerumani Friedhelm Hillebrand, ambaye mwaka 1985 aliketi na taipureta yake nyumbani Bonn, akaandika sentensi za kubahatisha, akahesabu, akaona zinatosha kwa mazungumzo ya watu wengi. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kiwango kilifunguliwa kidogo. Kituruki kikapata jedwali lake la herufi, zikafuata lugha kadhaa za India. Lugha zetu hazikupata nafasi.

Wamaasai wengi wamezoea kuandikiana kwa a, e, i, o, u, na wanaelewana kwa kufuata maana ya sentensi nzima. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kuandika ɛ. Lakini Tanzania iliridhia mwaka 1976 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na Ibara yake ya 27 inasema watu wa jamii ndogo wasinyimwe kutumia lugha yao. Hapa lugha haikukatazwa na waziri wala mkuu wa wilaya. Imetozwa gharama na jedwali la herufi lililochorwa Ulaya kabla vijana wanaoitumia leo hawajazaliwa, na kwa kuwa hakuna aliyekusudia ubaya, hakuna wa kumlalamikia.

Nimeanza na jambo hili dogo makusudi, kwa sababu yanayofuata ni makubwa na yana umbo lilelile. Tumezoea kudhani kwamba haki zetu kwenye simu zinaamuliwa Dodoma, kwa sheria na kanuni. Kweli, sehemu yake inaamuliwa huko. Sehemu nyingine iliamuliwa kabla, na wahandisi, katika nyaraka zinazoitwa viwango: simu ijitambulishe vipi kwa mnara, ujumbe ufichwe kwa nguvu gani, picha ibebe taarifa zipi, jina la tovuti unayoifungua lionekane na nani. Mbunge hawezi kupitisha sheria ya kuchuja kitu ambacho kiwango kimekificha, wala mwananchi hawezi kuficha kitu ambacho kiwango kimekianika.

Wasso ni mji mdogo katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Una hospitali iliyoanzishwa miaka ya 1960 na Herbert Watschinger, padri na daktari kutoka Austria, una soko, una redio jamii inayosikika katika vijiji vya jirani, na mpaka wa Kenya hauko mbali. Kwenye kibanda cha kuchaji simu karibu na stendi, meza imejaa simu zilizobandikwa vipande vya plasta ya hospitali, kila kipande na jina la mwenye simu kwa kalamu ya wino. Simu janja zipo, nazo si chache. Lakini kinachotawala meza ni vitochi, vingine vimefungwa raba kuzuia betri isidondoke. Ndivyo vinavyokwenda bomani, kwa sababu chaji yake inakaa siku nyingi na vikianguka kwenye mawe vinaokotwa vikiwa bado vinafanya kazi.

Kitochi kinazungumza na mnara kwa kiwango kiitwacho GSM, ambacho Ulaya ilianza kukibuni mwaka 1982. Wahandisi walikubaliana mapema kwamba maongezi yanayopita hewani kati ya simu na mnara yafichwe. Ubishi ulikuwa yafichwe kwa nguvu kiasi gani. Ujerumani Magharibi, iliyokuwa inapakana na kambi ya Kisovieti, ilitaka ufunguo mgumu. Baadhi ya washirika wake hawakutaka. Jan Arild Audestad, mhandisi wa Norway aliyeshiriki vikao hivyo, aliliambia gazeti la Aftenposten miaka mingi baadaye kwamba pendekezo la mwanzo lilikuwa ufunguo wa biti 128, na kwamba Waingereza ndio waliosukuma upunguzwe. Ufunguo uliotoka ulikuwa wa biti 64 kwenye karatasi, lakini 10 kati ya hizo zilijazwa sifuri, zikabaki 54 zenye kazi. Kwa ajili ya baadhi ya masoko ya nje ya Ulaya ikatengenezwa namna nyingine iliyo dhaifu zaidi. Desemba 2009, mtaalamu wa Kijerumani Karsten Nohl alisimama kwenye mkutano mjini Berlin na kuonyesha kwamba ulinzi ule unavunjika kwa vifaa vya kununuliwa dukani.

Kuna kasoro ya pili, na kwangu hiyo ndiyo mbaya zaidi. Katika GSM, simu hujithibitisha kwa mnara, lakini mnara haujithibitishi kwa simu. Kifaa chochote kinachotangaza kwa nguvu kuliko mnara halisi kinaweza kujifanya mnara, na simu itakisogelea bila kuuliza swali. Kizazi cha 3G kilirekebisha hilo kwa kuzilazimisha pande zote mbili zithibitishane. Kwa hiyo mwenye simu mpya mjini amelindwa kuliko mwenye kitochi bomani, na tofauti hiyo haikutokana na sheria yoyote ya nchi. Watengenezaji wa simu wameanza kuweka kitufe cha kuzima 2G kwenye baadhi ya simu za bei kubwa. Kitochi cha 2G hakiwezi kuzima 2G, maana hakina kingine.

Mei 2019 Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Kiwango cha GSM kilikuwa tayari kimeipa kila laini namba yake ya pekee inayosomwa na kila mnara inaopita. Usajili ukaiunganisha namba hiyo na jina, sura na dole gumba. Ukivikutanisha viwili hivyo, njia ya mtu kutoka Wasso hadi Soitsambu, mnara kwa mnara, inakuwa kumbukumbu yenye jina lake. Sina ubishi na nia ya kupambana na matapeli; wametutesa vya kutosha. Ninachotaka msomaji akione ni namna uamuzi wa wahandisi wa miaka ya 1980 na uamuzi wa serikali wa 2019 ulivyokutana ndani ya simu ya mchungaji ambaye hakuulizwa katika uamuzi wowote kati ya hayo mawili.

Sasa tufike Juni 2022, kwa sababu hapo ndipo suala hili lilipotoka kwenye vitabu likaingia Loliondo.

Mapema mwezi ule vyombo vya dola vilifika Loliondo kuweka alama za mipaka kwenye eneo la kilomita za mraba 1,500, ambalo serikali ilitaka liwe pori tengefu na ambalo wakazi wanasema ni ardhi ya vijiji vyao. Tarehe 10 Juni yakatokea makabiliano. Askari polisi mmoja aliuawa kwa mshale. Wakazi kadhaa walijeruhiwa, wengine wakavuka mpaka kwenda Narok, Kenya, kutafuta matibabu. Siku hiyohiyo klipu zilianza kusambaa: wanaume kwa wanawake wakikimbia nyikani, milio ya risasi, majeraha miguuni. Zilipita kutoka simu hadi simu kwa WhatsApp, zikafika Arusha, Nairobi, London na Geneva. Tarehe 15 Juni wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walitoa tamko. Serikali kwa upande wake ilikanusha kwamba kulikuwa na kuwahamisha watu kwa nguvu, na ikawanyooshea kidole waliosambaza picha kuwa ni wapotoshaji.

Nani alikuwa mkweli kuhusu klipu ipi? Mtu angetarajia klipu zenyewe ziseme. Simu inapopiga picha huandika ndani ya faili saa, aina ya simu, na, kama mwenyewe ameruhusu, mahali penyewe kwa vipimo vya GPS. Kiwango kinachotumika zaidi kwa picha kinaitwa Exif, kilichotoka Japani mwaka 1995. Lakini WhatsApp, picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, huibana ili isile bando na kuziondoa taarifa hizo. Faili linalomfikia mpokeaji ni jipya. Halina saa ya kupigwa, halina mahali, halina simu.

Kuondolewa kwa taarifa hizo ni ulinzi, na nautetea. Mwanamke aliyepiga video akiwa kichakani hakutaka vipimo vya boma lake vizunguke dunia pamoja na majeraha ya shemeji yake. Madiwani na wakazi wengine walikamatwa siku zile na kushtakiwa kwa mauaji, na wakakaa mahabusu hadi Novemba 2022 mashtaka yalipofutwa. Katika hali kama hiyo, faili lisilotaja mahali linaweza kumwokoa aliyelipiga.

Lakini faili hilohilo ni shahidi bubu. Asiyetaka kuliamini ana sababu tayari: linaweza kuwa la mwaka mwingine, la nchi nyingine. Na kwa Loliondo swali la mahali si la mapambo. Vijiji vinne, Ololosokwan kikiwa mbele, vilikuwa vimeifungulia serikali kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha kuhusu maboma yaliyochomwa mwaka 2017. Tarehe 30 Septemba 2022 mahakama hiyo iliitupa kesi, na kiini cha hukumu kilikuwa kwamba vijiji havikuthibitisha kuwa uchomaji ulitokea kwenye ardhi yao na si ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Kesi nzima ilining'inia kwenye neno moja: wapi. Novemba 2023 kitengo cha rufaa kiliibatilisha hukumu hiyo na kuagiza shauri lisikilizwe upya. Sisemi picha za simu zingeamua kesi ile. Nasema jamii ambayo haki yake inategemea kuthibitisha mahali inatumia chombo kilichojengwa kufuta mahali, na haikuwahi kuelezwa hivyo.

Njia ipo, na watu wa Loliondo wanastahili kuijua. Ukituma picha au video kwa WhatsApp kama nyaraka, si kama picha, faili huenda lilivyo, na taarifa zake zote. Ukilihifadhi faili la asili kwenye kadi ya kumbukumbu na kumpa mtu mmoja unayemwamini, wakili kwa mfano, huku umma ukipata ile iliyofutwa taarifa, umetimiza mambo yote mawili. Haya yangefaa kusemwa na redio jamii kwa Kimaasai na Kisonjo, mara nyingi, kama yanavyosemwa matangazo ya chanjo ya mifugo.

Kuna kiwango kingine kinachojengwa wakati huu, ambacho kitaamua klipu za kesho zitaaminiwa vipi. Kinaitwa C2PA. Kilianzishwa Februari 2021 na kampuni zikiwamo Adobe, Microsoft, Intel na BBC. Wazo lake ni kwamba picha ibebe muhuri wa kidijitali unaoonyesha ilipigwa kwa kifaa gani na imehaririwa wapi na wapi, ili tuitofautishe na zile zinazotungwa na akili bandia. Nia ni njema. Hata hivyo shirika la WITNESS, ambalo limefundisha watu wa kawaida kurekodi ukiukaji wa haki katika nchi nyingi, liliingia mapema kwenye kazi hiyo likiwa na onyo: muhuri usilazimishe jina la mpigaji, na picha isiyo na muhuri isihesabiwe kuwa ya uongo. Onyo la pili linanigusa. Muhuri utaanza kwenye kamera na simu za bei ya juu. Ikifika siku wahariri na mahakimu wanauliza kwanza muhuri uko wapi, klipu ya simu ya mtumba kutoka kijiji cha Kirtalo itakuwa imeshindwa kabla haijafunguliwa.

Tuje kwenye kufungiwa mitandao. Mzigo ukitumwa kwa basi kutoka Arusha hadi Wasso, umefungwa kwa gundi na kamba, kondakta hajui kilichomo, lakini jina na namba ya mpokeaji anavisoma, kwa sababu bila hivyo hawezi kuufikisha. Intaneti ya leo inafanya kazi karibu hivyo. Toleo la sasa la itifaki inayofunga mawasiliano ya tovuti, TLS 1.3 ya Agosti 2018, limefunga yaliyomo kwa nguvu kubwa. Hata hivyo, katika salamu ya kwanza kabisa kati ya simu na tovuti, jina la tovuti kwa kawaida bado hupita wazi. Mtoa huduma akiagizwa kuzuia jina fulani, analiona, analikata. Ujumbe mfupi wa kawaida hauna hata gundi: kampuni inaweza kusoma kila neno lililomo.

Oktoba 2020, wiki ya uchaguzi mkuu, mambo yote mawili yalionekana. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliagiza ujumbe wa jumla kwa simu usimamishwe kwa muda. Twitter na WhatsApp vikawa havipatikani bila VPN, yaani njia iliyofichwa ya kukwepa kizuizi, na mashirika ya haki za kidijitali yakaripoti kwamba hata ujumbe mfupi wenye jina la mgombea wa upinzani haukuwa ukifika. Mei 2025 mtandao wa X, iliyokuwa Twitter, ulifungiwa, na waziri mwenye dhamana akaeleza kwamba unaruhusu picha za ngono kinyume na kanuni. Kuhusu VPN, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zinakataza teknolojia ya kufikia maudhui yaliyozuiwa, na Oktoba 2023 TCRA iliwataka wenye VPN wazisajili kabla ya mwisho wa mwezi huo, la sivyo faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo cha miezi 12, au vyote viwili. Ni itifaki zilezile zinazoilinda benki inapowasiliana na tawi lake, na hospitali inapotuma majibu ya mgonjwa. Itifaki haijui kama aliyeiwasha ni mhasibu au mwanaharakati. Kanuni ndiyo inayojaribu kuwatenganisha, na kwa kuwa haiwezi kuona ndani, inawabana wote.

Wahandisi wamekuwa wakiandaa kiwango kipya cha kuficha hata lile jina la kwenye salamu. Vivinjari vya Firefox na Chrome vilianza kukitumia mwaka 2023. Novemba 2024 Urusi ilizishauri tovuti za nchi hiyo zikiache, na ikakizuia. Hapo unaona uzito wake. Mstari mmoja wa kiufundi, ambao mwananchi wa kawaida hatausoma maisha yake yote, umeifanya dola kubwa itoe tamko.

Nikubali hapohapo kwamba itifaki ina kikomo chake. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikaanza kurudi tarehe 3 Novemba. Siku zile hakukuwa na jina la kuficha wala muhuri wa kusoma. Mtu aliyekuwa na ndugu Dar es Salaam au Arusha hakuwa na pa kumuulizia zaidi ya simu ya kupiga. Kiwango bora duniani hakimlindi mtu aliyekatiwa njia, na dawa ya hilo imo katika sheria, mahakama na ujasiri wa kampuni za simu, si katika hesabu.

Basi viwango hivi hutungwa wapi? Vya intaneti vingi hutoka IETF, kikosi cha wahandisi wa kujitolea kilichoanza mwaka 1986. Hakina uanachama wala kura. Kazi yake hufanywa kwa orodha za barua pepe ambazo yeyote anaweza kujiunga nazo bure, na kwa mikutano mitatu kwa mwaka. Mei 2014, karibu mwaka mmoja baada ya Edward Snowden kufichua upelelezi wa Marekani, kikosi hicho kilitoa hati namba 7258 iliyotamka kwamba kuwapeleleza watu kwa jumla ni shambulio la kiufundi na itifaki zibuniwe kulikabili. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyoharakisha kufungwa kwa yaliyomo niliyoyaeleza juu. Oktoba 2017, Niels ten Oever na Corinne Cath wakatoa hati namba 8280, ya kwanza ya aina yake kuchunguza namna itifaki zinavyogusa haki za binadamu, na Septemba 2024 ikafuatiwa na namba 9620, iliyoandikwa na ten Oever pamoja na Gurshabad Grover kutoka India, yenye maswali ambayo mbunifu anapaswa kujiuliza. Je, itifaki inaonyesha nini kwa anayetazama njiani? Inaruhusu kuzuia? Inabeba lugha zote? Inamfaa mwenye mtandao dhaifu? Ni maswali mazuri, na kila moja lina jibu lake Wasso.

Hakuna anayelazimishwa kuyajibu. Hilo ni pungufu la kwanza. La pili ni kiti. IETF ilifika Amerika Kusini kwa mara ya kwanza mwaka 2016, Buenos Aires. Afrika, hadi mwisho wa 2025, haikuwa imefanya mkutano wake hata mmoja. Mlango wa barua pepe uko wazi, ndiyo, lakini unamtaka mtu mwenye Kiingereza cha kubishana, umeme wa uhakika na mwajiri anayemlipa akiwa kwenye ubishi huo. Ndiyo maana sauti nyingi ni za wafanyakazi wa kampuni kubwa. Ripoti ya Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2023, iliyohusu viwango hivi hasa, ililigusa suala hilo: wanaoathirika hawapo maamuzi yanapofanywa.

Kwenye Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, hali ni tofauti. Kule serikali ndizo zenye kura, na Tanzania ina kiti. Ndiko zinakojadiliwa masafa ya minara na, kama gazeti la Financial Times lilivyoripoti mwaka 2019, ndiko kampuni za China zilikopeleka mapendekezo ya viwango vya kamera za kutambua sura, ilhali nchi nyingi za Afrika huvichukua viwango vya ITU moja kwa moja kuwa sera. Wajumbe wetu huenda Geneva kwa nauli ya umma. Wanarudi. Mwananchi husikia kwamba walishiriki.

Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alishuhudia utiaji saini wa mikataba ya minara 758 kwa maeneo ya vijijini, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Ni hatua niliyoifurahia bila kinyongo, kwa kuwa nimeona watu wakipanda vilima kutafuta mtandao wa kumwitia mama mjamzito gari. Swali ambalo sikulisikia likiulizwa siku ile ni minara hiyo iwashe kizazi gani. Mnara unaotoa 2G peke yake unampa mchungaji sauti pamoja na ule udhaifu wa miaka ya 1980. Mnara wa 4G hautamsaidia kama simu ya bei nafuu ya 4G haifiki sokoni Wasso. Masharti ya haya yanaweza kuandikwa ndani ya mkataba wa ruzuku, kwa sababu mlipaji ni sisi.

Na watu wa kutuwakilisha viwango vinapotungwa tunao. Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia iko Arusha, mkoa uleule wa Wasso. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wahandisi wa mawasiliano na kina wanaisimu wanaozijua irabu za Kimaasai, na sijui kikao kingine kinachohitaji watu wa aina hizo mbili waketi meza moja kuliko kikao cha viwango. Mwanafunzi mmoja wa uzamili akipewa mwaka mzima wa kufuatilia kundi moja la IETF, na akalipwa kwa kazi hiyo, atakuwa ametuwakilisha kuliko ujumbe wa watu ishirini wa siku tatu. Na kabla ujumbe mwingine wa serikali haujapanda ndege kwenda Geneva, Wizara yenye dhamana ya mawasiliano ibandike kwenye tovuti yake majina ya wanaokwenda, mapendekezo watakayoyapigia kura, na msimamo wanaokwenda nao, kwa Kiswahili, wiki chache mapema, ili diwani wa Loliondo apate muda wa kupinga.